Mtumbwi wa Mzee Kajiru na Vibuyu Viwili

— Hadithi ipite?

— Ipite.

— Ipite na watu wake?

— Ipite na watu wake, na mbuzi wao, na mbwa wao.

— Basi vuteni miguu, isije ikakanyagwa.

Hapo kale, na kale hii ina tarakimu zake, mwaka wa 1911, kiangazi kilikuwa kimekaza chini ya milima ya Upare. Vuli ilikuwa imetoa manyunyu tu. Asubuhi ziwa lilitulia. Jua likipita utosini, upepo ulishuka kutoka milimani ukayakunja maji hadi jioni.

Katika ziwa hilo palikuwa na kisiwa cha wavuvi, na kisiwani aliishi mzee mmoja, Kajiru. Alikuwa na vitu vitatu vya kutajwa: binti, mtumbwi na ulimi. Binti aliitwa Nankondo. Mtumbwi ulikuwa mwembamba kuliko yote kisiwani: upana shubiri mbili, urefu hatua nane. Hesabuni wenyewe. Chombo cha vipimo hivyo hukata maji vizuri, hupita katikati ya matete bila kunasa, na hupinduka mtu akikohoa. Ulimi nitauacha ujieleze.

Mvuvi wa kisiwa hicho hakuketi. Alisimama mtumbwini, akausukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaofika chini ya maji, na samaki akamchoma kwa mkuki hali amesimama. Kwa hiyo, aliyetaka kuoa binti wa kisiwani alitakiwa kuvuka kutoka ng'ambo amesimama ndani ya mtumbwi wa baba mkwe. Akianguka, hurudi kwao. Akianguka mara tatu, haposi tena.

Sasa, Sechonge alikuwa mtu wa mlimani. Kazi yake ilikuwa kuchukua dengelua, pombe ya miwa, kutoka vijijini kwenda sokoni. Aliichukua kwa mzegazega: mti begani, kibuyu mbele, kibuyu nyuma. Milima yote ile, hakupata kumwaga tone. Nankondo aliupenda mwendo wake. Naye Sechonge akapenda kupendwa kwa mwendo.

Lakini palikuwa na Mrutu, mvuvi wa kisiwani, ambaye mbuzi wake wa mahari walikwisha kufungwa kamba wakingoja.

"Ukianguka mara tatu, baba atawapokea mbuzi wa Mrutu," Nankondo alimwambia Sechonge. "Nami simtaki. Hucheka akiwa peke yake."

Sechonge akafikiri. Mtumbwi unayumba kwa sababu ni mwepesi, akasema. Niupe uzito chini. Akapanga mawe sakafuni, akasimama, akasukuma. Kweli, mtumbwi ukatulia. Lakini mawe yaliukalisha chini, ukingo ukabaki vidole vitatu tu juu ya maji. Wimbi la kwanza likachungulia. La pili likaingia. La tatu likakaa. Mtumbwi ukalala kulia, ukalala kushoto, ukamtema.

Mzee Kajiru alikuwa amesimama ufukoni.

"Nilidhani umeleta mahari," akasema, "kumbe umeleta mawe. Mawe ninayo."

Sechonge akafikiri tena. Si chombo kinachoyumba, ni mimi niliye mrefu. Akapanua miguu, akakunja magoti, akashuka hadi nusu ya kimo chake, akasukuma. Kweli, mtumbwi ukatulia. Lakini nani kati yenu amewahi kusimama hivyo kwa muda wa kusonga ugali? Hakuna. Katikati ya ziwa mapaja yakaanza kutetemeka, na mtetemo wa mapaja ukawa mtetemo wa mtumbwi. Mtumbwi ukalala kulia, ukalala kushoto, ukamtema.

"Bwana wa mlimani," akasema Mrutu pale ufukoni, "kuoga kwetu ni bure. Si lazima uvae nguo mpya."

"Mara ya tatu uje na dengelua," akasema mzee Kajiru. "Nimetazama na koo kavu mara mbili."

Siku ya mwisho ikafika. Nankondo aliuleta mtumbwi ng'ambo, akamkuta Sechonge na vibuyu viwili vikubwa vilivyojaa. Sechonge akaulaza mti wa mzegazega juu ya mtumbwi, ukakingama, akaufunga kwa kamba kwenye kingo zote mbili. Huku kibuyu, na huku kibuyu, kila kimoja kikining'inia mbali na ubavu, shubiri moja juu ya maji.

"Begani haumwagi," akasema. "Mtumbwini utamwaga kwa nini?"

Nankondo akautazama mtumbwi. Ulikuwa umekaa chini kama siku ya mawe.

"Peleka vitupu," akasema. "Kitupu kikishuka majini, maji yatakirudisha. Na mtumbwi utabaki juu."

"Vitupu? Nankondo, mchukuzi haweki kibuyu kitupu kwenye mzegazega. Kwetu ni aibu. Watu husema huyo anatoka kuomba. Niende kwa baba yako kama mwombaji?"

"Mimi nasema utazama."

"Heri nizame nimejaa."

Nankondo hakubishana naye. Akamwambia waende kwanza kwa shangazi yake, aliyekaa hapo ng'ambo, wakale. Njiani wakakutana na Mrutu, aliyekuja na wenzake wawili kutazama.

"Kaka Mrutu," akasema Nankondo, "tuchungie vile vibuyu. Lakini msiviguse. Pombe yake ni kali, imewashinda wanaume wa mlimani."

Wasikilizaji, mnanitazama nini? Mimi nasimulia tu.

Mrutu akaketi karibu na vibuyu. Akavinusa.

"Jamani," akawaambia wenzake, "mtu huyu ataanguka. Pombe itanywewa na kambare. Kambare amemfanyia nini nani?"

Wakaonja kibuyu cha kulia. Wakaonja cha kushoto. Wakarudi cha kulia kuhakikisha. Walipomaliza kuhakikisha, Mrutu akaviziba tena kwa majani ya mgomba, vikabaki vinaning'inia kama vilivyokuwa.

Sechonge akarudi, akapanda.

"Mbona sasa mtumbwi umekaa juu?"

"Maji yamejaa," akasema Nankondo. "Nenda."

Akasukuma. Upepo ulikwisha kushuka kutoka milimani. Mtumbwi ukalala kulia: kibuyu cha kulia kikagusa maji, maji yakakikataa. Mtumbwi ukalala kushoto: kibuyu cha kushoto kikagusa maji, maji yakakikataa. Ukalala kulia, ukainuka. Ukalala kushoto, ukainuka. Haukumtema.

Nyuma yake alikuja Mrutu kwenye mtumbwi wake, amesimama kama alivyosimama tangu utoto, ila tumboni alikuwa na mzigo ambao hakuuzoea. Alimwona Sechonge anakaribia kisiwa. Akacheka. Kicheko kikamwinamisha, naye akaingia ziwani kichwa kwanza. Wenzake wakamvuta ufukoni kwa ukosi.

Mzee Kajiru akamsaidia Sechonge kushuka, akafungua kibuyu cha kwanza, akachungulia. Akafungua cha pili.

"Mwanangu, umeniletea upepo?"

Sechonge akaketi mchangani. Akawawaza mbuzi wa Mrutu.

"Nani alikuwa akivichunga?" akauliza mzee.

"Mrutu, baba," akasema Nankondo, aliyekuwa amevuka na shangazi.

"Na nani alimpa Mrutu pombe achunge?"

"Mimi."

 Mzee Kajiru akamwendea Mrutu, akainama, akamnusa kinywa.

"Pombe imefika," akatangaza. "Nilisema ije, sikusema ije ndani ya nini. Na huyu kijana hakuanguka. Mrutu, kawafungulie mbuzi wako, wamengoja sana."

Akarudi kwa Sechonge.

"Mkwe wangu, hivyo vibuyu uviache palepale kwenye mtumbwi. Vitupu hivyohivyo."

"Baba, kwetu vitupu ni aibu."

"Kwetu aibu ni kuzama."

Kabla ya masika, kila mtumbwi wa kisiwa hicho ulikuwa na mti wake na vibuyu vyake.

— Nimesimulia hadi hapa. Aliyelala aamshwe, aliyeamka aende akalale.

— Na gharama ya kuutuliza mtumbwi?

— Mti na kamba Sechonge alikuwa navyo tayari. Pombe, vibuyu viwili.