Swali la Nasiha Ubaoni

Wahenga waliposema kuuliza si ujinga, walimtetea mtu ambaye huchekwa kwanza na kushukuriwa baadaye. Nasiha binti Sufian, wa Kidato cha Tatu katika shule moja mjini Voi, alichekwa kila siku. Maswali yalimtoka kama siafu waliomwagiwa maji.

Mwaka huo wa 1996, timu ya hisabati iliyokuwa ikienda kushindana Mwatate ilibakiza nafasi moja. Nasiha aliachwa mwaka uliotangulia, na Kidato cha Nne hawakuruhusiwa kushindana. Akiikosa hii, basi tena. Mpinzani wake alikuwa Donald wa Mahoo, kule Taveta, kijana mwepesi wa chaki na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Mlinganyo ni alama moja kwa atakayetangulia kupata," Mwalimu Mwandawiro akatangaza mbele ya darasa. "Fanksheni, alama mbili."

Akaandika: 4x − 9 = 2x + 5. Donald akaurukia ubao, akaihamishia ile tisa ng'ambo ya alama ya usawa, na ishara yake ya kutoa vilevile.

"Donald! Ukivuka mpaka kwenda Holili hubadilishi hela?"

"Mwalimu, sokoni kwetu Taveta hela zote mbili hupokelewa!"

Darasa likaangua kicheko. Hata hivyo, Donald hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akafuta, akaigeuza tisa iwe ya kujumlisha, akapata saba. Nasiha alikuwa angali anahakiki saba yake.

"Dada Nasiha, nikuletee nini kutoka Mwatate?" Donald akamtania.

Mwalimu akaandika x³ + 1. "Shufwa au witiri? Mahali pa x wekeni hasi x. Fanksheni ikibaki ilivyokuwa, ni shufwa. Ikigeuka ishara zote, ni witiri."

"Witiri!" Donald akajibu bila kugusa chaki. "Tatu witiri, moja witiri. Kwisha!"

Nasiha akafanya kama walivyoagizwa, akapata −x³ + 1. Kipande kimoja kimegeuka, kingine kimekaa kitako. Akafuta, akarudia. Yale yale! Akainua mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ni lazima iwe mojawapo?"

"Yarabi! Mtahiniwa anamtahini mwalimu!" sauti ikapaazwa kutoka nyuma.

"Nambari ni shufwa au ni witiri," Donald akacheka. "Hata nyanya yangu anajua."

"Nambari, sawa. Lakini hii ni fanksheni, na imegeuka nusu tu, nusu imekataa. Kwa hivyo si shufwa, wala si witiri. Au?"

Mwalimu Mwandawiro akacheka hadi miwani ikamteleza puani. "Mtego huu hunasa kila darasa, maana hakuna anayethubutu kuniuliza kama kuna mlango wa tatu. Upo! Alama mbili. Nasiha, utakwenda Mwatate."

Vigelegele vikarindima. Donald akajikuna kisogo, kisha, kwa mara ya kwanza muhula huo, akainua mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Timu haihitaji mtu wa akiba?"

"Inahitaji. Kapange nguo."

Donald akaruka juu kuliko Nasiha mwenyewe. Tangu siku hiyo, hata aliyecheka kuliko wote alisadiki, tena kwa faida yake: kuuliza si ujinga.