Mlango Uliosukumwa

Ngano hii nilipewa na shangazi yangu Namsifu, tukimenya ndizi jikoni kwake, mwaka ule niliokaa naye kabla sijaolewa. Jana jioni niliwasimulia wanangu. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu, nao wameketi kuyazunguka mafiga: Naelijwa, ambaye ni mkubwa, Mbazi anayemfuata, na Kiangi ambaye bado ananyonya.

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa mlango."

"Wa nani, mama?"

"Wa Kirindi na Nakunda. Sogeeni, moshi usiwaume."

Hapo kale, vitu vya nyumbani vilipokuwa bado vinasema, alikuwepo mtu mmoja akiitwa Kirindi, na mkewe akiitwa Nakunda. Walikuwa na mtoto mmoja wa mgongoni. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mteremko wa mlima. Aliijenga baba yake Kirindi, na Kirindi aliipenda kuliko ng'ombe wake.

"Alikuwa na ng'ombe wangapi?" akauliza Mbazi.

"Mmoja."

"Basi si sana."

"Alimpenda sana huyo mmoja. Sikiliza."

Siku moja Kirindi alitaka kufunga mlango, mlango ukakwama. Akausukuma kwa mkono, ukakwama. Akausukuma kwa bega, ukakwama. Kisha mlango ukasema kwa sauti ya mbao:

"Sijakosa, nasukumwa. Panda juu ukaangalie."

Kirindi akacheka. "Mlango umenenepa," akasema. "Nakunda, niletee randa."

Akapiga randa upande mmoja, maranda yakaanguka chini, Nakunda akayaokota ya kuwashia moto. Mlango ukafungika. Kirindi akalala vizuri. Lakini mwezi haukwisha, mlango ukakwama tena. Akapiga randa tena. Ukakwama, akapiga. Mwishowe mlango ukawa mwembamba hata kuku akawa anapita pembeni bila kubisha hodi.

Wanangu wakacheka. Naelijwa akatazama mlango wetu wa jikoni.

Basi siku zikaenda. Nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, ulikuwapo mparachichi mkubwa, na mti huo ulikuwa umesimama wima tangu babu. Nakunda alipokwenda kuanika nguo akaona mparachichi umeinama, umeielekea nyumba kama mtu anayechungulia dirishani.

"Wee mparachichi, una nini?"

Mti ukajibu:

"Sijakosa, nasukumwa. Panda juu ukaangalie."

Nakunda akamwita mumewe. Kirindi akauzunguka mti, akaupigapiga shina. "Umezidiwa na matunda," akasema. Akakata gogo, akautegemeza kama mzee anavyopewa mkongojo. Nakunda akasema, "Baba Mtoto, mbona mwaka huu haukuzaa?" Kirindi akajifanya anasikiliza ndege.

"Mama, kwa nini hakupanda tu akaangalie?" akauliza Naelijwa.

"Kwa sababu huko juu kuna shamba lake la maharage, na alikuwa ameshalipalilia. Alijiambia, nimelijua hilo shamba tangu utotoni, nitaangalia nini?"

Sasa lije la tatu, na hili lilikuja na furaha. Nakunda alikuwa anateka maji bondeni. Kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Asubuhi moja, wakati wa kiangazi, anafungua jikoni, anaona maji yanatoka chini ya ukuta wa nyuma. Maji kabisa, yanatiririka. Nakunda akaweka mtungi chini akapiga vigelegele. Majirani wakaja, wakasema Nakunda amebarikiwa, mto umemfuata nyumbani. Akapasua mwanzi, akatengeneza mfereji, akakinga.

Mtungi ulipojaa akainama anywe. Maji yalikuwa mekundu kama udongo. Nayo yakasema kwa sauti ndogo:

"Hatujakosa, tunasukumwa. Panda juu ukaangalie."

Nakunda akainuka. Maneno haya aliyasikia kwa mti. Na kabla ya mti, kwa mlango. Vitu vitatu visivyokutana vinasema neno moja.

Hakumwita mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda.

Huko kwenye maharage akakuta mistari imekatika. Nusu ya kila mstari ilikuwa juu, nusu imeshuka chini kidogo, na katikati ardhi imepasuka, ufa umeshika toka ukingo hadi ukingo. Akaingiza mkono, ukaingia hadi kwenye kiwiko. Akachomeka kijiti upande huu na kijiti upande ule, akafunga katikati kamba ya mgomba, akaivuta ikakaza. Akarudi nyumbani, akapika.

Kesho yake alikwenda akaikuta kamba imekatika.

"Kirindi, mlima unatembea," akamwambia mumewe. "Tuhamie kule mgongoni mwa mlima, kwenye miamba, kabla ya masika."

Kirindi akakasirika kidogo. "Nyumba ya baba yangu niiache kwa ajili ya kamba ya mgomba?"

Nakunda hakubishana naye. Kirindi alipokwenda kumlisha ng'ombe, yeye akaung'oa mlango, akajitwika kichwani, akapanda nao hadi mgongoni mwa mlima. Watu wa kale hawakulala nyumba isiyo na mlango, maana chui alikuwa jirani. Huko juu mapimbi walikuwa wamekaa juu ya mwamba wakiota jua.

"Hodi," akasema Nakunda.

"Karibu," wakasema mapimbi. "Tulikuwa tunajiuliza mtakuja lini. Hapa pana baridi, lakini pametulia."

Jioni Kirindi akarudi, akakuta tundu mahali pa mlango. Akaita, Nakunda akaitika kutoka juu. Akatazama tundu, akatazama msitu wa chui. Akamfungua ng'ombe wake, akapanda naye huku ananung'unika njia nzima. "Mimi nafuata mlango wangu tu," akasema. "Simfuati mtu."

"Karibu kwenye mlango wako," akasema Nakunda.

Wakajenga kibanda pale pale. Masika yakaja. Mchana mmoja wakasikia mlima unaguna kama mtu anayegeuka kitandani. Shamba likashuka, mparachichi ukashuka pamoja na mkongojo wake, na nyumba ya baba yake Kirindi ikaenda nayo bondeni. Kirindi akakaa chini juu ya mwamba. Baadaye akainuka akaenda kufunga mlango. Aliusukuma kwa kidole kimoja, ukafungika. Mlango haukusema kitu, kwa sababu hapakuwa na anayeusukuma.

Basi, wanangu, kitu cha nyumbani kikibadilika, msikimbilie kukinyamazisha. Kiulizeni kwanza kinasukumwa na nini. Hadithi nimeitua hapo, kama mtu anavyotua mzigo wa kuni. Mwenye nguvu aibebe.

Mbazi akauliza kama ng'ombe alipona. Nikamwambia alipona. Kisha Naelijwa akasema polepole, "Mama, mlango wetu wa jikoni nao unakwama. Baba alisema Jumamosi ataupiga randa."

Nikawapeleka kulala.

Leo asubuhi, kabla sijafagia, nilimfunga Kiangi mgongoni nikapanda nyuma ya nyumba na vijiti viwili na kamba ya mgomba. Upande wa juu wa shamba letu la mihogo niliukuta ufa, mwembamba, wa kuingia kidole. Nikaifunga kamba juu yake, nikaikaza. Halafu nikashuka hadi kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi si mzoefu wa kusema mbele za watu, na pale uani walikuwapo wengi wakinywa uji. Nilisimama mlangoni mpaka waliponyamaza, nikamwambia balozi, "Shikamoo, baba. Naomba tupande juu ukaangalie."