Nani Alimrudisha Mzee Chengula Barabarani?

Anayesikia aitike, anayesinzia aamshwe na jirani yake! Mmeitika? Basi sogezeni vigoda. Kisa cha leo kina pikipiki nne na ugomvi mmoja, na mimi ninayewasimulia hata baiskeli ilinishinda, kwa hiyo msinitafutie upande.

Kule Mafinga, kwenye baridi ya kumlaza mtu na soksi, aliishi Mzee Chengula. Enzi zake alikuwa bwana mifugo. Alizunguka vijiji vyote vya Mufindi akichanja ng'ombe, juu ya pikipiki ya kijani iliyokuwa na mlio wake peke yake. Siku hizi pikipiki zimejaa mpaka hakuna anayegeuza shingo. Enzi hizo ikilia moja ng'ambo ya kilima, kina mama walijua, na mmoja alikuwa akisema, "Wekeni maji ya chai jikoni, bwana mifugo huyo anakuja." Watoto walikimbia kuinusa petroli. Msicheke, nanyi mngekuwepo mngeinusa.

Kisha presha ya macho ikamwingia mzee, ikamla nuru kidogo kidogo mpaka ikaimaliza. Pikipiki ya kijani ikahamia sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni. Mzee aliipangusa kila asubuhi. Lakini yeye mwenyewe, mtu aliyevuka mito iliyofurika, akawa anaogopa kizingiti cha mlango wake. Hilo lilimuuma kuliko upofu wenyewe.

Walikuwepo watu watatu waliojifunza kuendesha kwenye pikipiki ile ile, wakiwa bado vijana. Wasikilizeni vizuri, maana ndio mtakaowahukumu.

Wa kwanza ni Tulizo Mgaya, ingawa jina na mwenye jina hawajawahi kukutana. Tulizo anaendesha spoti, zile pikipiki za mbio ambazo dereva anazilalia kifua. Kipaji chake ni mwendo. Kona anailalia mpaka goti linataka kubusu lami, na hajawahi kuangusha mtu.

Wa pili ni Obadia Sanga. Yeye ni wa kruza, lile pikipiki pana la kukaa kitako, usukani juu, na kiti cha nyuma chenye egemeo kama kiti cha sebuleni. Kipaji chake ni utulivu. Obadia akipita njiani anajua nani amepaka nyumba rangi na nani ameuza ng'ombe.

Wa tatu ni Subilaga, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, mwenye pikipiki ya kawaida tu, ya kupelekea viazi sokoni. Kipaji chake ni kwamba hasahau mtu. Wakisafiri kwa msafara yeye ndiye mfunga mkia. Wenzake wakisimama huhesabu pikipiki. Subilaga huhesabu vichwa.

Na wale wanaume wawili, jamani! Ubishi wao ulianza siku waliponunua pikipiki zao na haujapumzika mpaka leo.

"Hiyo yako mtu anaipanda kama anayetafuta sindano chini," Obadia humwambia Tulizo.

"Na wewe yako mtu anaipanda kama yuko kwa kinyozi," Tulizo hujibu. "Ukifika, shughuli imekwisha na vyombo vimeoshwa."

Basi ikaja habari kwamba Vumilia, binti wa mzee, anakuja na gari kumchukua baba yake akaishi naye Tanga. Mzee akawaita wanafunzi wake watatu, akawakalisha mbele ya pikipiki ya kijani.

"Kamweneni, wanangu," akawasalimu. "Huko ninakokwenda sina barabara ninayoijua. Kabla sijaondoka, nirudisheni barabarani mara moja tu. Sisemi mnibebe, kubebwa nimechoka. Nirudisheni. Atakayenirudisha, hii pikipiki ni yake."

Watatu wakatazamana. Pikipiki ile haina bei sokoni, hata fundi chuma angesita kuichukua. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameiota tangu ujana wake, na kila mmoja alimeza mate.

Siku ya safari wakatoka asubuhi na ukungu, wakashika barabara ya Makambako. Zamu ya kwanza ikawa ya Tulizo. Mzee akapandishwa kwenye kile kiti kidogo cha nyuma, magoti juu, mikono ikamng'ang'ania Tulizo kiunoni.

"Polepole, baba," mzee akasema. "Polepole, nakuomba."

Mtu mwingine angetii. Tulizo alisubiri mpaka wafike msitu wa Sao Hill, pale lami inaponyooka, akahakikisha mbele ni peupe, ndipo akafungua mafuta. Upepo ukampiga mzee kifuani. Akapiga kelele. Kelele ya kwanza ilikuwa ya woga, hiyo tusidanganyane. Ya pili Tulizo hakuielewa. Ya tatu ilikuwa kicheko, kicheko cha yule bwana mifugo aliyekuwa akishuka milima akiimba. Waliposimama, mzee alishuka mwenyewe, hakushika bega la mtu.

"Tulizo," akasema, "umeniokotea kitu nilichokuwa nimekidondosha."

Zamu ya pili ikawa ya Obadia. Huyu alimketisha mzee kwenye egemeo, akamfunika koti zito miguuni, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Kruza lilinguruma chini kwa chini, na mzee aliweza kusikia dunia. Ikaja harufu ya utomvu wa misonobari, kisha mlio wa msumeno.

"Hapa ni kwa wapasua mbao," mzee akasema. "Kushoto kuna njia ya kwenda kwa marehemu Kihwele. Nilikwama pale kwenye tope, tukasukuma na ng'ombe wake."

"Njia bado ipo, mzee," Obadia akajibu, "na mjukuu wake anakupungia mkono sasa hivi."

Wakapita penye mianzi, harufu ya pombe ya ulanzi ikawapitia puani, na mzee akataja majina ya waliokuwa wakimkaribisha kibuyu, mmoja baada ya mwingine. Karibu wote wamelala makaburini. Alilia, na Obadia alimwacha alie, akapunguza mwendo zaidi. Walipofika Nyororo mzee alijua wamefika kabla hajaambiwa. Akanyoosha kidole. "Mgahawa uko kule, na nyuma ya mgahawa kuna uwanja wa shule." Na kweli vilikuwa pale pale.

"Obadia," akasema, "umenirudishia ramani yangu."

Wakaingia mgahawani kunywa chai. Laiti wangekunywa wakanyamaza! Tulizo akasema aliyemrudisha mzee barabarani ni spoti. Obadia akasema spoti imemtikisa mzee tu, aliyemrudisha ni kruza. Sauti zikapanda. Chapati zikapoa. Mwenye mgahawa akaona aibu badala yao, akamshika mzee mkono akamtoa nje kujisaidia.

"Haya, kipande cha mwisho mbebe wewe, tuone hiyo mbio yako!" Obadia akamfokea Tulizo aliyekwisha kutoka nje, naye akatoka, akapiga honi mara mbili.

Sasa msafara una desturi zake. Honi ya mara mbili ikilia, watu wanaondoka, hakuna kuulizana. Tulizo alikuwa ameshavaa helmeti na injini inalia, kwa hiyo hakusikia kitu zaidi ya honi. Akamwona Obadia anaingia barabarani, na kwenye egemeo la nyuma limetundikwa lile koti zito alilofunikwa mzee. Katika ukungu ule, koti juu ya egemeo ni mtu. Tulizo akampita kwa hasira, bila hata kumtupia jicho. Obadia naye, alipopitwa kama upepo, akajisemea, "Anamkimbiza mzee wa watu namna hiyo!" Wote wawili wakapotelea Makambako, kila mmoja akiamini mwenzake amembeba.

Subilaga alikuwa nyuma ya mgahawa anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Aliporudi, akahesabu vichwa. Akamkuta Mzee Chengula amekaa kwenye benchi, kikombe mikononi.

"Mbona kimya?" mzee akauliza. "Wamechoka kubishana?"

Subilaga angeweza kumdanganya. Hakumdanganya. "Wameondoka, mzee. Wamekusahau."

Uso wa mzee ulisawijika, na mimi nikifika hapa huwa nachukia. Mtu amerudishiwa moyo, amerudishiwa njia zake, halafu anaachwa kwenye benchi. "Basi mimi ni mzigo," akasema. "Na si hata mzigo wa maana. Wa maana haudondoshwi."

Subilaga hakumbembeleza. Alimshika mkono, akampeleka kwenye uwanja wa shule. Siku ile hapakuwa na masomo, uwanja mtupu, nyasi ndefu. Akasogeza pikipiki yake ya viazi, akasema, "Kaa mbele."

"Mbele? Una wazimu, binti?"

"Kaa mbele, mzee."

Mzee alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alikaa nyuma ya mwanafunzi, mikono mabegani. Akibana bega la kushoto, unakata kushoto. La kulia, kulia. Akibana yote mawili, breki. Hakusema neno, maana kwake maneno humtia dereva mchanga kiwewe. Subilaga akapanda nyuma ya mwalimu wake, akaweka mikono juu ya mabega yale yaliyokonda, akangoja.

Mzee akapapasa usukani. Akakamata klachi. Akapiga kiki, injini ikaitika, mguu ukaitafuta gia na kuipata. Wakaondoka. Mara ya kwanza pikipiki iliyumba. Mara ya pili ikanyooka. Wakazunguka uwanja, bega la kushoto, bega la kushoto, na Mzee Chengula kipofu akawa anaendesha, kidevu juu, machozi yakikaushwa na upepo.

Kule Makambako, Tulizo na Obadia walisimama, wakavua helmeti, wakatazamana.

"Mzee yuko wapi?"

"Si unaye wewe?"

Nasikia kruza lile siku hiyo lilikimbia kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Walipofika Nyororo waliona kilichokuwa uwanjani, wakafunga breki. Lakini mzee alikuwa ameshazisikia injini zao. Akataka kuwaonyesha! Akageuza usukani kuifuata sauti kabla Subilaga hajambana bega, pikipiki ikalala kwenye nyasi, na wote wawili wakaviringika.

Wakamkimbilia. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Mzee alikuwa amelala chali, anacheka mpaka anakohoa. "Nimeanguka," akasema. "Mmeona? Abiria huangushwa. Mimi nimeanguka mwenyewe."

Vumilia alipofika kesho yake na kuona bandeji, aliwasema watatu wale kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Kisha mzee akaomba nafasi. Akasimama sebuleni, mkono juu ya tangi la pikipiki ya kijani, ufunguo kiganjani.

Tulizo akasema, "Mzee, nilikukuta unaogopa kizingiti. Nisingekutoa woga, ungekubali kukaa mbele?"

Obadia akasema, "Mzee, woga ulitoka, lakini ulikuwa hujui uko wapi duniani. Mwenye kujua uwanja uko wapi ni wewe, na nani alikupa utulivu wa kujua?"

Ikawa zamu ya Subilaga. "Mimi sikukusahau," akasema. "Na nilikupa usukani."

"Ukamwangusha!" akadakia Tulizo.

"Mkamwacha!" akajibu Subilaga. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti.

Mzee akatingisha kichwa. "Niliwafundisha kuendesha, sikuwafundisha kugawana. Kosa hilo nalibeba. Nikimtaja mmoja nawapoteza wawili, na mimi sina umri wa kupoteza watu. Amueni wenyewe. Ila mnajua sheria yangu. Pikipiki hii huwashwa na mwenyewe tu. Mkishaamua, mwenyewe apige kiki, mnisikilizishe kwenye simu." Akaweka ufunguo mezani, akaongozwa garini.

Basi mpaka leo hawajaamua. Kila Jumapili baada ya ibada jirani huwafungulia mlango, wanakaa sebuleni mbali mbali, watu waliokuwa wakinywea kikombe kimoja. Msafara umekufa. Tulizo anasema spoti, Obadia anasema kruza, Subilaga anatazama sakafu. Na kila Jumapili simu inalia kutoka Tanga.

"Mmeshaamua?" mzee anauliza. Sauti yake inazidi kuwa ndogo, Vumilia anasema hali chakula vizuri. "Nataka niisikie tu, wanangu. Nikiisikia najua niko wapi."

Hakuna anayenyoosha mkono kwenye ufunguo, kwa sababu atakayeuchukua bila haki atakuwa amemwibia mwalimu wake, na atakayewaachia wenzake anaona amejiibia mwenyewe.

Sasa nimefika mwisho wangu, mzigo ni wenu. Mmoja alimpa moyo, akamsahau. Mmoja alimpa njia, akamsahau. Mmoja alimkumbuka, akampa usukani, akamtoa damu. Je, wewe ungeamua vipi? Sema wewe unayecheka, na wewe uliyeinama hapo nyuma, sema. Lakini msikae mkibishana mpaka chai ipoe, maana simu iko hewani, na Mzee Chengula ametega sikio.