Ndiyo Iliyotangulia Swali

Wapendwa, hebu tumtazame fundi mmoja wa kompyuta. Alitunza mashine kubwa iliyobeba tovuti za watu wengi. Ilikuwa kama nyumba ya kupanga: nyumba moja, vyumba vingi, kila mpangaji na jina lake mlangoni. Mpangaji akihama, fundi huandika amri, na mashine hufuta jina, chumba na kila kilichomo.

Lakini kabla ya kufuta, mashine ile huuliza: "Una hakika?" Fundi alichoka kuulizwa. Akazipanga amri zake kwenye faili moja zijiendeshe zenyewe, na humo akaweka na jibu kabisa: ndiyo. Tangu hapo mashine ikiuliza, faili linajibu.

Siku moja akaambiwa aliondoe duka la nguo lililofungwa, Neema Mitindo. Dada aliyefanya naye kazi akamkumbusha asome vizuri, maana kuna majina yanayofanana.

"Dada yangu, wewe hata chai unaisoma kabla ya kuinywa," akamtania. Akaandika Neema peke yake, akabonyeza. Maneno yakapita mbio kwenye skrini.

Simu ikalia. Alikuwa mkunga wa zahanati ya uzazi, nayo inaitwa Neema. Hakusalimia.

"Kaka, kumbukumbu zetu hazifunguki. Nina mama hapa amezimia, anavuja damu. Kuna dawa inayomdhuru, na jina la dawa hiyo limo humo."

Fundi hakuweza kuandika hata herufi. Dada akamsogeza kando, akaanza kutafuta nakala ya akiba. Kwenye simu walimsikia mtu akimwita yule mama, akimwita tena, na mama haitiki. Mkunga akasema hawezi kungoja zaidi, dawa imeshavutwa kwenye sindano. Dada akamsihi asubiri kidogo tu. Nakala ikapatikana, na ukurasa ukafunguka kule zahanati. Mkunga akasoma. Kisha wakasikia sindano ikitupwa kwenye beseni. Dawa aliyoishika ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Mama alipona kwa dawa nyingine. Baadaye mkuu wao akataka kujua kwa nini mashine haikuuliza kwanza. Fundi akarudisha nyuma maneno ya kwenye skrini, na swali lilikuwepo: "Nimekuta wapangaji wawili wa jina hili. Niwaondoe wote?"

"Iliniuliza," akasema. "Nilikuwa nimeshajibu."

Ndugu zangu, sisi tumejibu mangapi kwa namna hiyo? Unapotaka kumfuta mkwe wako, au jirani, au binti aliyerudi nyumbani na mimba, ndani yako kuna sauti inauliza: una hakika? Na nani mwingine ataondoka pamoja naye? Lakini ndiyo yetu tuliiweka zamani, siku tuliposikia habari zake kisimani. Tusiseme Mungu alinyamaza. Swali lilipita, sisi hatukuwepo.

Hata hapa ibadani, anayeomba hajamaliza sentensi, tumeshaitikia Amina. Tumekubali nini?

Tusimame. Nitamwombea yule ambaye kila mmoja wetu amemfuta, arudi, akae karibu nasi kwenye benchi hili. Wewe unamjua ni nani. Usiitikie upesi.