Kifunguo Aliyeruka Uzi wa Mwisho

Nafungua!
— Fungua tusikie!
Nimemkuta mdogo!
— Mtaje tumjue!

Ni Kifunguo. Aliishi ndani ya askari mweupe wa damu, tumboni mwa Nyati aliyekuwa akinyonyesha. Katikati ya askari huyo palikuwa na chumba cha nyuzi, na kila uzi ulibeba agizo lake: huu wa kuchonga mishale, huu wa kuita wenzake, huu wa kuwasha homa. Uzi usipofunguliwa hulala tu. Na mfunguaji alikuwa Kifunguo.

Lakini Komeo, aliyemlea, alimshika mlangoni siku zote, kwa upole, akimwambia kwamba moto usio na sababu huunguza nyumba.

Basi akaingia tumboni Mnyoo, mnene, mwenye nguvu, mlafi. Anakula, nyofu! Anakula, nyofu! Akishiba huwanong'oneza askari kwamba ni amani tupu, nao husinzia. Nyati akakonda, maziwa yakapungua.

Kifunguo akamwita kupitia ukuta wa tumbo. "Mjomba Mnyoo, huku kwetu kuna mafuta matamu kuliko hayo."

"Nitayafikiaje?"

"Ng'ata ukuta tu."

Mnyoo akang'ata, ngwa! Na sheria ya humo ilikuwa hii: ukuta ukijeruhiwa, Komeo huvunjwa ili Kifunguo apite. Kifunguo aliijua sheria hiyo. Komeo naye akaelewa.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema, "ningekuachia mwenyewe."

Akavunjika.

Kifunguo akakimbilia chumbani. Akafungua uzi, mishale ikachongwa, pwi pwi! Akafungua uzi, askari wengine wakaja, tapa tapa! Akafungua uzi, homa ikawaka. Mnyoo akaungua, akateleza, akatoka na kinyesi, puu!

Ukabaki uzi wa mwisho, wa kumsuka Komeo mpya. Kifunguo akauruka. Uhuru ulikuwa mtamu.

Homa ikaendelea kuwaka bila adui. Mishale ikamchoma Nyati mwenyewe, viungo vikavimba, maziwa yakakauka. Ndama akanyonya, hakupata kitu, akalia, kisha akanyamaza. Kifunguo aliposikia ule ukimya, akaufungua uzi wa mwisho.

Komeo mpya akasukwa. Homa ikashuka, maziwa yakarudi, ndama akanyonya. Komeo akaja mlangoni, akamshika Kifunguo kwa upole. Sura ileile, mikono ileile. Kifunguo akamwita baba.

"Samahani," akasema yule, "tumewahi kuonana?"

Funzo, wanangu: ukuta using'atwe. Mengine yote hayana neno.

Nafunga!
— Funga, tumesikia.