Fundi Ngiri na Gari Lililofia Mlimani

Paukwa!

— Pakawa!

Mko macho au mnasinzia?

— Tu macho, bibi, na masikio tumeyafungua kama mlango wa jikoni!

Basi sogeeni. Na anayetafuna karanga atafune polepole, wenzake wasikie.

Hapo kale, lakini si kale sana maana magari yalikuwepo, palikuwa na mjane aitwaye Bi Kindi. Marehemu mumewe hakumwachia shamba. Alimwachia gari. Pikapu kuukuu, rangi yake huijui kama ni kijani au ni kutu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Lakini gari hilo ndilo lililopeleka karanga zake gulioni ng'ambo ya mlima, na karanga ndizo zilizojaza matumbo ya wanawe. Gari likilala, watoto nao hulala na njaa.

Siku moja gari likaanza kukohoa. Kho! Kho! Bi Kindi akalipeleka kwa Fundi Ngiri.

Huyo Ngiri nguvu alikuwa nazo. Akiingia chini ya gari anapiga magoti, makalio nje, mkia wima kama antena ya redio. Ukimwona hivyo utadhani anajua kitu. Siku hiyo akatoa chujio la mafuta, akalipuliza, fuu! Uchafu ukatoka, kikohozi kikaisha. Angeishia hapo tungemsifu. Lakini Ngiri hatoki mikono mitupu. Jicho lake likaangukia kifuniko cha tangi, kinang'aa.

"Mama, kifuniko hiki kibovu. Nakiondoa."

Akaenda nacho kwake, akakifanya kopo la ugoro. Mdomo wa tangi akauziba kwa mfuko wa nailoni, mkunjo juu ya mkunjo, kisha akaukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka jasho likamtoka.

"Hapo hata hewa haipiti!" akajisifu.

Siku ya gulio Bi Kindi akapakia karanga. Gari likaenda, ngururu-ngururu-ngururu. Likaanza mlima, ngururu... ngu... kho! Kimya. Akapiga stata, nye-nye-nye-nye. Wapi! Akakaa, akangoja. Akapiga tena, likawaka. Likaenda kidogo, kho! Kimya. Kufika gulioni, wanunuzi wamekwisha kwenda zao.

Akarudi kwa Ngiri. Ngiri magoti chini, mkia juu.

"Pampu ya mafuta imekufa, mama." Akachomoa pampu nzima, akatia ya kuokota.

Gari likaenda, ngururu-ngururu... kho! Kimya.

Akarudi. Ngiri magoti chini, mkia juu.

"Ni kabureta, mama." Akachomoa kabureta nzima, akatia ya kuokota.

Gari likaenda, ngururu-ngururu... kho! Safari hii lilizima hapohapo mbele ya gereji. Ngiri akachomoa mpira unaoleta petroli kutoka tangini, akautia mdomoni, akavuta. Haiji. Akavuta tena, macho yakamtoka. Haiji. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Pole, mama. Gari limekufa. Na desturi ya gereji unaijua: gari likifia mikononi mwa fundi, maiti ni ya fundi."

Watoto Bi Kindi atawalisha nini? Akainama nyuma ya gari ili asionekane akilia. Ndipo akauona ule mfuko wa nailoni. Ulikuwa umezama ndani ya mdomo wa tangi, umebonyea kama mashavu ya mtu anayenyonya ukwaju. Bati la tangi nalo likalia, ko!

"Loo!" akasema moyoni. "Mbona hata debe la mafuta ya kupikia ukilitoboa tundu moja halimimini? Hutoa tone, likanuna. Lazima utoboe na la pili, la hewa. Hili si maiti. Hili limebanwa pua!"

Sasa, mjinga angepiga kelele. Ngiri angefungua mfuko, angejiita bingwa, na pampu nzuri ingebaki kwake. Bi Kindi akajifuta machozi kwa mkia.

"Haya, Fundi, lichukue. Lakini utapandaje mlima na pampu ya kuokota? Watu watasema Fundi Ngiri anaendesha kikaango."

"Watasema?"

"Kanga unamjua, jirani yangu yule asiyefunga mdomo! Kwangu lilikuwa gari la mjane. Kwako ni gari la bwana."

Sifa zikamwingia Ngiri kama mchuzi kwenye wali. Akarudisha pampu nzuri. Akarudisha kabureta nzuri.

"Na tangi, Fundi? Bwana haombi mafuta njiani."

Akajaza tangi pomoni kwa petroli yake mwenyewe. Kisha akaufunga ule mfuko maradufu, kwa kuwa sasa petroli ilikuwa yake.

Siku ya gulio Ngiri akakamata usukani, kifua mbele. Bi Kindi akaomba lifti, akapanda nyuma na karanga zake. Ngururu-ngururu-ngururu... mlimani, kho! Kimya.

Kanga alikuwa akipita na wenzake. "Fundi, limepatwa na nini?"

"Limepumzika."

Nye-nye-nye-nye.

"Bado limepumzika?"

Watu wakacheka. Ngiri akaingia chini ya gari kwa hasira, magoti chini, mkia juu, akachomoa mpira, akautia mdomoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Bi Kindi akateremka taratibu, akauinamia mfuko, akautia jino. Tobo!

Fyuuuu! Tangi likavuta pumzi. Petroli ikaja yote kwa mpigo, gubigubigubi, kooni mwa Ngiri.

"Uwiii!" Ngiri akaruka, kichwa kikagonga bati. "Gari gani hili! Lifie mbali! Nimelitupa! Anayelitaka aokote!"

"Umelitupa, Fundi?"

"Nimelitupa!"

"Shoga Kanga, umesikia?"

"Nimesikia, na mpaka jioni kila mwenye sikio atakuwa amesikia!"

Bi Kindi akarudishia mpira mahali pake, akapanda, akapiga stata. Ngururu-ngururu-ngururu, mlima wote, bila kikohozi. Karanga zikauzwa zikaisha. Ngiri akabaki barabarani akipiga mbweu, kila mbweu inanuka petroli, na hakuna aliyethubutu kuwasha sigara karibu naye. Wanasema hata mkewe alihamia kwa dada yake. Sisemi mimi, kasema Kanga.

Hadithi imepanda mlima, imeshusha mzigo. Utamu wake gawaneni, mbweu zake mwachieni mwenyewe.

Na funzo lake ni hili: gari lenu likikohoa, msijitie kuchunguza tangi, hiyo si kazi yenu. Tafuteni fundi mwenye misuli, mwacheni achukue apendacho. Na mkifunga kitu, kazeni sana, maana hewa ni mwizi.