Ng'ombe Aliyefutwa Kwenye Picha

Wahenga waliposema akiba haiozi, hawakuwa wanasema habari za mahindi. Mahindi huoza, tena upesi, usipoyaanika yakakauka. Walimaanisha kwamba kitu ulichokiweka kando kwa uangalifu, hata kama leo huoni kazi yake, kitakuja kufaa siku usiyoitegemea, na pengine kitamfaa mwingine kabla hakijakufaa wewe. Bhoke wa Turwa aliujua ukweli huo kwa sababu ya ng'ombe mmoja mwekundu.

Bhoke alikuwa na studio ya picha katika kata ya Turwa, mjini Tarime. Chumba kilikuwa kidogo: stuli moja, shuka jeupe ukutani, printa na kompyuta mpakato. Humo alipiga picha za vitambulisho, akaondoa chunusi usoni, akakata kingo zisizotakiwa, na kwa wateja waliopenda makuu akabadilisha mandhari ya nyuma, wakaonekana wamesimama mbele ya maghorofa ya Ulaya. Kazi yake ilikuwa safi kama pamba. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata akiwa na foleni ya wateja mlangoni: hakugusa picha ya asili. Aliinakili kwanza, akaitengeneza ile nakala, na ya asili akaihifadhi kwenye diski ya nje kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na tarehe yake. Sharti hilo alilitoa chuoni kwa Mwalimu Philomena, aliyekuwa akimpa sifuri mwanafunzi yeyote aliyehifadhi kazi yake juu ya picha ya asili, hata kama kazi yenyewe ilipendeza.

Sheila, aliyefanya kazi naye, aliliona sharti hilo kuwa mzigo wa bure.

"Dada Bhoke, diski imejaa tena," alisema siku moja. "Humu kuna watu wamefumba macho, kuna mtoto analia, kuna mzee anapiga chafya. Tufute."

"Usifute."

"Nani atarudi kuulizia picha ya mzee anapiga chafya?"

"Simjui. Ningemjua ningempigia simu. Nunua diski nyingine, uiandike namba."

Novemba hiyo Bhoke aliitwa kata ya Nyanungu kupiga picha za sherehe ya Irine, binti aliyemaliza kidato cha nne. Mama yake alikuwa mjane. Mali yake ilikuwa shamba la mahindi, kuku wachache na ng'ombe mmoja wa maziwa. Bhoke aliwasimamisha mama na binti nje ya nyumba, Irine akiwa na joho lake. Mara nyingi alipobonyeza kamera, ng'ombe aliyefungwa nyuma yao alichungulia juu ya bega la mama kama mgeni aliyesahauliwa kualikwa.

Siku mbili baadaye mama na binti walifika studio kuchagua picha ya kusafisha.

"Dada, mtoe huyo ng'ombe," Irine alisema. "Hii nitaiweka kwenye simu. Wenzangu watanicheka."

Mama Irine akageuka polepole. "Huyo unayemtoa ndiye aliyekulipia ada. Joho hilo umevishwa na maziwa yake."

"Najua, mama. Lakini si lazima aonekane."

"Haya, mtoeni. Yeye hana simu, hatajua."

Walicheka wote, ingawa mama alicheka kwa mdomo tu. Bhoke akanakili picha, akachukua kifaa cha kunakilia katika programu yake, akachota majani ya upande wa kulia na kuyapanda palipokuwa na ng'ombe. Alianza na pembe, akaja kichwani, akamalizia mgongo. Baada ya nusu saa ng'ombe hakuwepo, na hakuna jicho ambalo lingejua kwamba aliwahi kuwepo. Picha ikachapishwa, ikatundikwa ukutani Nyanungu.

Ulipofika mwezi wa saba, Irine alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mama alikwishapiga hesabu zake zote juu ya maziwa. Wiki hiyohiyo wezi walivunja zizi, na asubuhi ilibaki kamba iliyokatwa. Mama Irine alihisi kama nyumba imeezuliwa paa.

Wiki tatu baadaye ndugu yake mmoja wa Machochwe, wilayani Serengeti, alimpigia simu kuwa amemwona ng'ombe anayefanana na wake kwa mzee Waitara, mfugaji wa huko. Mama Irine alisafiri, akamwona na kumtambua. Hata ng'ombe alimtambua, maana aliposikia sauti yake alinyanyua kichwa. Lakini Waitara alisimama imara.

"Nimemnunua mnadani mchana kweupe, mama. Ng'ombe wekundu wamejaa mkoa mzima wa Mara. Una alama gani?"

Alama ilikuwa pembetatu iliyokatwa kwenye sikio la kushoto. Sasa sikio hilo lilikuwa limekatwa nusu nzima, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Ilibaki alama nyingine ambayo kisu hakiwezi kuifuta: baka jeupe chini ya taya, na ndani yake madoa matatu mekundu. Waitara alijibu kwamba baka hilo mama ameliona sasa hivi, kama yeyote mwenye macho. Mtendaji wa kijiji, Benedicto, aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Mama, lete uthibitisho wa tangu zamani. Ijumaa nitakuwa hapa, na ng'ombe aletwe. Usipoleta, ng'ombe atabaki kwa aliyemnunua."

Aliporudi Nyanungu, Mama Irine aliteremsha picha ukutani na kuitazama. Palipokuwa na ng'ombe palikuwa na majani mazuri, mabichi. Walifika Turwa kesho yake, Irine macho yamevimba.

"Shikamoo dada," alisema. "Ulipomfuta ng'ombe, alikwenda wapi?"

"Marahaba. Mwizi ndiye aliyekwenda naye. Mimi sikumpeleka popote. Sheila, Novemba ni diski ya ngapi?"

Sheila alikuwa tayari kwenye kabati, akikumbuka jinsi alivyotaka kuzifuta picha hizo. Alirudi na diski namba nne. Picha zilikuwa kumi na moja, na katika kila moja ng'ombe alikuwepo. Mama Irine aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Ijumaa Bhoke alifunga studio, akaenda mwenyewe Machochwe na kompyuta yake na diski zote begani. Waitara alipomwona akiingia ofisini kwa mtendaji, alipiga makofi.

"Huyu ndiye shahidi? Mtendaji, huyu mama namjua. Mwaka juzi alinipiga picha nimekaa kwenye stuli yake pale Turwa, nikatoka nimesimama Ulaya, na suti juu. Mimi sijafika hata Dodoma. Kama aliweza kunipeleka Ulaya kwa dakika ishirini, atashindwaje kumleta ng'ombe Nyanungu?"

Watu walicheka. Benedicto naye alitabasamu, lakini alimgeukia Bhoke kwa uso wa kazi. "Mama, hilo ni swali la haki. Tutakuaminije?"

Mama Irine alishika kichwa. Ustadi ule ule uliompa Bhoke jina ndio uliokuwa unamponza.

"Msiniamini mimi," Bhoke alisema. "Aminini akiba. Mzee Waitara, picha yako ya asili ninayo. Niionyeshe?"

"Onyesha. Siogopi picha."

Bhoke akafungua picha mbili, akaziweka sambamba. Upande mmoja Waitara alisimama mbele ya maghorofa. Upande wa pili alikaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, amevaa kandambili, na kuku wa jirani akipita miguuni. Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Hata Waitara alijikuta anacheka.

"Ninayoitengeneza huwa nakala," Bhoke alisema. "Ya asili inakaa na tarehe yake. Kama ya mzee imekaa na kuku wake, ya mama nayo imekaa na ng'ombe wake. Tazameni."

Akafungua zile kumi na moja, moja baada ya nyingine, zote za siku moja, zikipishana sekunde chache. Katika ya kwanza ng'ombe aliinamia beseni. Katika ya tatu alimgeukia mama. Katika ya saba aliinua kichwa, lakini shingo ilikuwa kwenye kivuli cha nyumba na haikuonekana vizuri. Bhoke akanakili hiyo ya saba mbele ya macho yao na kuanza kuongeza mwanga kidogo kidogo.

"Anaongeza kitu," Waitara alisema.

"Naongeza mwanga, mzee. Kuongeza mwanga si kuongeza ng'ombe. Simama hapa karibu uone mkono wangu."

Waitara akasimama nyuma yake. Kivuli kilirudi nyuma kama ukungu wa asubuhi. Sikio la kushoto likaonekana, na pembetatu yake. Likaja baka jeupe chini ya taya. Bhoke akaikuza sehemu hiyo, wakahesabu kwa sauti: doa moja, mawili, matatu.

Waitara alitoka nje. Watu wakadhani amekasirika. Aliporudi alikuwa ameshika kamba, na nyuma yake ng'ombe amesimama mlangoni.

"Mama Irine, chukua ng'ombe wako," alisema. "Wewe umeibiwa, na mimi nimeuziwa mali ya wizi. Mtendaji, andika barua ya polisi, nakwenda kumtafuta aliyeniuzia. Sura yake naikumbuka." Kisha akamgeukia Bhoke. "Na wewe, ile picha ya kuku usimwonyeshe mke wangu."

"Haitoki kwenye diski, mzee."

Nje, Mama Irine alimshika Bhoke mikono yote miwili. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Sina neno jingine."

"Mshukuru Mwalimu Philomena. Sifuri zake ziliniuma miaka miwili."

Jioni Bhoke alimpigia mwalimu wake simu, kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo, akamwamkia na kumweleza yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kwenye diski hizo ameandika namba.

Kabla ya kwenda chuoni, Irine aliomba apigwe picha nyingine. Safari hii alisimama pembeni, mama upande wa pili, na katikati ng'ombe mwenye sikio nusu. Bhoke alipouliza kama kuna cha kurekebisha, Irine alikataa. Sheila naye alikuwa ameshanunua diski namba tano bila kuagizwa, na juu yake, badala ya namba peke yake, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: akiba haiozi.